Bango la utafiti: kutoka ikisiri iliyokubaliwa hadi kusimama mbele ya ubao

Barua pepe imefika: ikisiri yako, ule muhtasari wa utafiti uliowapelekea waandaaji wa mkutano, imekubaliwa, na utaiwasilisha kwa bango. Wanafunzi wengi wa uzamili na uzamivu huipokea habari hiyo kwa unyonge, wakidhani waliopewa dakika kumi jukwaani ndio walioheshimiwa. Sikubaliani nao. Aliye jukwaani husema, hupigiwa makofi, mwenyekiti huruhusu maswali mawili, muda umekwisha. Aliye mbele ya bango ana saa nzima au zaidi, na kila anayesimama kwake amesimama kwa sababu jambo lile linamhusu.

Ila saa hiyo ina sharti lake. Msomaji wa bango amesimama. Ana begi begani na kikombe cha chai mkononi, na pande zote amezungukwa na mabango mengine. Yuko mita moja na nusu au mbili kutoka ubaoni, naye ataamua ndani ya sekunde chache kama anabaki au anapita. Karibu kila uamuzi nitakaoueleza hapa, wa ukubwa wa herufi, idadi ya maneno, rangi, hata aina ya karatasi, unatokana na mtu huyo.

Barua ya waandaaji kwanza, kompyuta baadaye

Tafuta mambo matatu kwenye maelekezo: ukubwa unaoruhusiwa, bango liwe la wima au la ulalo, na litabandikwa kwa kitu gani (pini, gundi ya pande mbili, au vibanio). Mikutano mingi ya Afrika na Ulaya hutaka A0, yaani sentimita 84.1 kwa 118.9. Marekani hutumia inchi, na ukubwa wa kawaida kule ni 48 kwa 36, takriban sentimita 122 kwa 91, tena wa ulalo. Ukipeleka bango la ulalo kwenye ubao wa wima, litaning'inia nje ya ubao na kumwingilia jirani. Hakuna ustadi wa usanifu utakaoliokoa.

Angalia pia kama mkutano ni wa mabango ya kidijitali, yanayoonyeshwa kwenye skrini. Hayo yana vipimo vyake na mara nyingi ni ya ulalo kama televisheni, kwa hiyo usianze kupanga kitu kabla hujajua.

Ukishapata vipimo, hesabu kurudi nyuma kutoka siku ya safari. Siku mbili za kuchapa, kwa sababu mashine huharibika na umeme hukatika. Wiki moja au mbili za waandishi wenza kusoma, kwa sababu msimamizi wako naye ana safari zake. Wiki moja ya kuandika na kupanga. Kwa hiyo anza mwezi mmoja kabla, na kama waandishi wenza ni wengi na wako nchi tofauti, anza mapema zaidi.

Andika sentensi moja

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo watu wengi wanaporuka. Kabla ya kufungua programu yoyote, andika kwenye karatasi sentensi moja inayosema ulichokigundua. Siyo ulichokichunguza, ulichokigundua.

Nitatumia utafiti halisi ili tuelewane. Katika Wilaya ya Muleba, mkoani Kagera, watafiti walilinganisha vyandarua vya kawaida vyenye dawa ya kuulia mbu ya aina ya pairethroidi na vyandarua vilivyoongezewa PBO, kemikali inayozuia vimeng'enya ambavyo mbu sugu hutumia kuivunja dawa. Maeneo 48 yaligawanywa katika makundi manne, kwa sababu walipima pia upuliziaji wa dawa ukoko (dawa ya mbu inayobaki ukutani kwa muda) ndani ya nyumba, kila aina ya chandarua ikiwa na upuliziaji au bila upuliziaji. Watoto wa kuanzia miezi 6 hadi miaka 14 walipimwa vimelea vya malaria. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018 katika jarida la The Lancet, na kabla ya hapo, mwaka 2017, Shirika la Afya Duniani lilikwisha kuyatumia kupendekeza vyandarua hivyo kwa maeneo yenye mbu sugu.

Sasa tuseme unautengenezea bango, kwa ajili ya mkutano kama ule wa malaria wa Afrika nzima, MIM, uliokutana Arusha mwaka 2002, Nairobi 2009 na Kigali 2024. Kichwa cha aina tuliyoizoea vyuoni kingekuwa hivi:

*Tathmini ya ufanisi wa vyandarua vyenye dawa ya muda mrefu vilivyoongezewa PBO, pamoja na upuliziaji wa dawa ukoko, dhidi ya maambukizi ya malaria katika Wilaya ya Muleba, Mkoa wa Kagera, Kaskazini Magharibi mwa Tanzania*

Hakuna kosa ndani yake, lakini aliyesimama hajaambiwa kitu. Ukisoma chote bado hujui kama vyandarua vilifanya kazi. Linganisha na hiki:

*Vyandarua vyenye PBO vyapunguza malaria kwa watoto wa Muleba, ambako mbu ni sugu kwa dawa ya kawaida*

Nenda asubuhi kwenye meza ya muuza magazeti uone watu wanavyosimama kusoma vichwa vya habari vilivyotandazwa. Hawanunui, hawainami, wanapitisha macho, na bado wanaondoka wakijua kilichotokea jana. Kichwa cha bango kinafanya kazi ileile. Kama mkutano unakulazimisha utumie kichwa kilichomo kwenye ikisiri, kiweke kama kilivyo, kisha chini yake weka sentensi yako ya matokeo kwa herufi kubwa zinazotosha kusomeka kutoka mbali.

Kama matokeo hayajakamilika, au hayakuonyesha tofauti yoyote, sema hivyo waziwazi. "Hatukuona tofauti" ni matokeo, na kuna mtu ukumbini anayepanga kutumia fedha kurudia jaribio hilohilo. Anahitaji kukusikia.

Kata maneno bila huruma

Lenga maneno 400 hivi, na usipite 600. Mtu asomaye kwa kasi ya kawaida humaliza maneno 400 kwa dakika mbili, na hiyo ndiyo subira ya mtu aliyesimama. Bango lenye maneno 1,500 ni makala iliyotundikwa ukutani.

Ikisiri usiibandike tena juu ya bango. Imo tayari kwenye kitabu cha mkutano, na inakula nafasi ya grafu.

Utangulizi uwe sentensi mbili au tatu: tatizo ni lipi, na kitu gani kilikuwa hakijulikani. Kwa Muleba: mbu wamekuwa sugu kwa dawa inayotiwa kwenye vyandarua, haikujulikana kama kuongeza PBO kunapunguza malaria kwa watu, si kuua mbu tu maabara. Imetosha. Usianze na "Malaria ni miongoni mwa magonjwa hatari duniani", kwani waliohudhuria mkutano wa malaria wanalijua hilo.

Mbinu za utafiti zigeuze mchoro. Maeneo 48 yanayogawanyika katika visanduku vinne vya maeneo 12 kila kimoja, na mshale wa muda chini yake wenye alama za miezi ya kupima: mchoro huo unachukua nafasi ya aya nzima, na mtafiti mwenzako anauelewa kwa kuutupia jicho. Chini yake taja idadi ya waliopimwa, kipimo kilichotumika na njia ya uchambuzi, kila kimoja kwa mstari mmoja.

Matokeo yapewe nusu ya bango au zaidi. Hitimisho liwe pointi mbili au tatu, na moja kati ya hizo iseme nani afanye nini: wizara, mkulima, mwalimu, au mtafiti atakayefuata.

Marejeo yasizidi matatu au manne, kwa herufi ndogo. Chini kabisa weka shukrani, mfadhili, barua pepe yako na namba ya kibali cha maadili. Hiyo namba usiisahau, iwe kibali kimetoka NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, Tanzania), kwa kamati ya chuo chako, au penginepo. Soma pia masharti ya kibali hicho, maana vingine vinakutaka uombe ruhusa kabla ya kutangaza matokeo.

Chora kwa penseli

Chukua karatasi ya A4, ichore visanduku. Kwa bango la wima, safu mbili zinatosha. Kwa la ulalo, tatu, au nne kama una grafu nyingi. Jicho linashuka kwenye safu ya kwanza hadi chini, kisha linapanda safu ya pili, kwa hiyo usimlazimishe msomaji kuruka kulia, kurudi kushoto, kisha kushuka. Kitu muhimu zaidi kiwe usawa wa macho, yaani theluthi ya juu na katikati. Kilicho chini ya magoti hakisomwi, na ndiyo maana marejeo na nembo hukaa huko.

Kuna muundo mwingine ulioenea tangu mwaka 2019, wa Mike Morrison, aliyekuwa mwanafunzi wa uzamivu wa saikolojia huko Marekani. Yeye aliweka sentensi moja ya matokeo katikati ya bango kwa herufi kubwa mno juu ya rangi nzito, muhtasari wa kimya (wa kusomwa bila maelezo ya mwenye bango) upande wa kushoto, na upande wa kulia takwimu na majedwali ya kumwonyesha anayeuliza zaidi. Ukumbi wenye mabango mengi unaufaa sana, kwa kuwa mpita njia anaondoka na jambo hata asiposimama. Udhaifu wake, kwa maoni yangu, ni kwamba unasukuma grafu pembeni, na kuna tafiti ambazo grafu ndiyo hoja yenyewe. Mimi ningechukua sentensi kubwa ya Morrison nikaiweka juu, na katikati nikaacha grafu moja kubwa.

Acha nafasi tupu. Pembezoni sentimita 3 hadi 5, na kati ya safu na safu sentimita 2 au 3. Nafasi hiyo ndiyo inayoonyesha wapi kisanduku kimoja kinaisha na kingine kinaanza, bila kuchora mistari kila mahali.

Kuingia kwenye programu

PowerPoint inatosha. Inakubali ukurasa wa hadi inchi 56, kama sentimita 142, kwa hiyo A0 inaingia bila shida. LibreOffice Impress ni ya bure na inafanya kazi hiyohiyo. Inkscape ni nzuri kwa anayejua kuchora. Canva inawafaa wanaotaka kianzio kilichopangwa tayari. Chagua unayoijua. Wiki ya kutengeneza bango si wiki ya kujifunza programu mpya.

Jambo la kwanza, kabla hujaandika hata herufi moja: weka ukubwa wa ukurasa. Ukibadilisha ukubwa mwishoni, maandishi yatahama, picha zitavutika, na utaanza upya.

Ukubwa wa herufi kwa A0 uwe hivi:

- Kichwa: pointi 85 hadi 110
- Majina ya waandishi na taasisi: 40 hadi 50
- Vichwa vya sehemu: 44 hadi 54
- Maandishi ya kawaida: 28 hadi 34
- Maelezo ya picha na majina ya mihimili ya grafu: yasipungue 24
- Marejeo na shukrani: 18 hadi 20

Tumia aina moja ya herufi, au mbili tu: Arial, Calibri, Open Sans na nyingine zisizo na mikia. Usiandike sentensi nzima kwa herufi kubwa tupu. Macho huzisoma polepole.

Ukiandaa bango kwa Kiswahili, kwa mfano kwa kongamano la CHAUKIDU (Chama cha Ukuzaji wa Kiswahili Duniani) au mkutano wa wadau wilayani, ongeza tahadhari moja. Maneno yetu ni marefu. "Hayakuwahi kushughulikiwa" katika safu nyembamba, ukiwa umelazimisha maandishi yajae kushoto na kulia, yataacha matundu makubwa kati ya maneno. Panga maandishi kushoto tu, uzime ukataji wa maneno mwisho wa mstari (programu nyingi hukata Kiswahili kwa kanuni za Kiingereza), na upendelee safu mbili pana kuliko nne nyembamba.

Grafu na picha

Usinakili grafu kutoka kwenye tasnifu. Ile ilitengenezwa kwa msomaji aliyeketi. Itengeneze upya kwa ajili ya bango, ukijiuliza: grafu hii inajibu swali gani moja?

Turudi Muleba. Baada ya miezi 9, asilimia 29 ya watoto waliokuwa na vyandarua vya PBO walikutwa na vimelea, dhidi ya asilimia 42 kwa vyandarua vya kawaida. Baada ya miezi 21 zilikuwa 45 dhidi ya 62. Namba nne, hadithi mbili kwa pamoja: PBO ilikuwa bora, na maambukizi yalipanda pande zote kadiri muda ulivyokwenda. Jedwali la vipimo vya kitakwimu, kama uwiano wa odi na vipindi vya uhakika, litaficha hadithi ya pili. Mistari miwili inayopanda, mmoja juu ya mwingine, itaonyesha zote. Mhimili wa wima uanze sifuri. Badala ya kisanduku cha ufunguo pembeni, andika jina la kila mstari mwishoni mwake, kwa rangi ya mstari wenyewe, ili jicho lisisafiri kwenda na kurudi. Zile namba nne ziandike juu ya nukta zake. Weka mistari ya makosa ya vipimo (vijistari vinavyoonyesha namba ina uhakika kiasi gani) na idadi ya watoto chini ya kila kipindi. Hiyo ndiyo heshima kwa msomaji anayejua takwimu.

Juu ya grafu, mahali ambapo kwa kawaida tunaandika "Kielelezo cha 2: Kiwango cha maambukizi kwa kundi", andika jibu: "Tofauti ilibaki hata baada ya miezi 21."

Kuhusu rangi, epuka kutofautisha makundi kwa nyekundu na kijani. Miongoni mwa wanaume wenye asili ya Ulaya, takriban 1 kati ya 12 hazitofautishi vizuri, na mkutano wa kimataifa utakuwa nao wengi. Bluu na chungwa ni jozi salama. Kwa bango zima zinatosha rangi kuu moja, ya kusisitiza moja, na kijivu kwa vilivyobaki, juu ya mandhari nyeupe au hafifu. Picha ya shamba au ziwa nyuma ya maandishi haina faida yoyote.

Picha zina hesabu yake. Kwa kuchapa unahitaji walau pikseli 150 kwa kila inchi katika ukubwa wa mwisho. Picha ya simu yenye upana wa pikseli 4,000 inaweza kuchapwa hadi sentimita 67 na ikabaki safi. Picha hiyohiyo ikitumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida inabanwa, na ukiikuza itaonekana vumbi. Mwambie mwenzako aitume kama faili, au kwa barua pepe. Nembo ya chuo usiichomoe kwenye tovuti. Iombe ofisi ya uhusiano, kwa kawaida wanayo faili ya ubora wa juu.

Na uso wa mtu ni uso wa mtu. Kama umepiga picha ya mama kliniki au mtoto darasani, kukubali kushiriki utafiti hakumaanishi amekubali kutundikwa ukumbini mbele ya watu wanaopiga picha kwa simu. Omba ridhaa ya picha peke yake, kwa maandishi, na kwa mtoto pata ya mzazi. Ukikosa, piga picha ya mikono, ya vifaa, ya nyumba. Mara nyingi zinaeleza vizuri zaidi.

Jaribio la karatasi ya A4

Chapa bango lote kwenye A4. Kila kitu kitakuwa robo ya ukubwa wake halisi, kwa hiyo pointi 28 zitakuwa 7. Lishike kwa urefu wa mkono. Usichoweza kukisoma hapo, mtu aliyesimama hatakisoma ubaoni.

Kisha mpe mtu asiye wa fani yako, lifiche baada ya dakika moja, umuulize umegundua nini. Akikutajia mada badala ya matokeo, rudi kwenye sentensi. Ndipo uwatumie waandishi wenza ukiwapa tarehe ya mwisho, na uwaombe wakague hasa majina yao, taasisi zao na namba. Majina yaliyokosewa huumiza watu kuliko tunavyodhani.

Dukani

Hifadhi kama PDF, fonti zikiwa zimeingizwa ndani, ukubwa halisi. Usipeleke faili la PowerPoint: kompyuta ya duka haina fonti zako na mpangilio utavurugika. Ifungue PDF kwenye simu au kompyuta nyingine kabla ya kutoka nyumbani.

Maduka mengi ya mjini yatakupa fleksi, ile turubai ya mabango ya matangazo. Ni ya bei nafuu na haipasuki, lakini mashine nyingi za fleksi zimekusudiwa maandishi ya kusomwa kutoka barabarani. Herufi ndogo na mistari myembamba ya grafu inaweza kufifia. Kama ni fleksi tu iliyopo, omba wachape kwanza kipande kidogo chenye maandishi yako madogo kuliko yote. Karatasi nzito isiyong'aa hutoa ubora mzuri. Inayong'aa hurudisha mwanga wa taa za ukumbi na kumlazimisha msomaji kusogea huku na huko. Kitambaa ndicho bora kwa safari, kwani unakikunja ndani ya sanduku, ila si kila mji una anayekichapa.

Muulize mchapaji kuhusu rangi. Bluu na kijani angavu za skrini hufifia zinapogeuzwa kuwa wino. Simama hapo hapo likitoka, ulikague lote kabla ya kulipa.

Kwenye ndege, bomba la bango liende nawe ndani, si kwenye shehena. Chukua pini na gundi zako, na uweke PDF kwenye barua pepe yako mwenyewe ili ukipoteza bango uchape kulekule.

Ukiwa mbele ya ubao

Simama pembeni, usizibe grafu. Mtu akisimama, mwache asome sekunde kadhaa, msalimie, umwulize yeye anafanya kazi gani. Jibu lake litakuambia umweleze nini. Uwe na maelezo ya dakika moja uliyoyafanyia mazoezi kwa sauti: tatizo, ulichofanya, ulichokiona kwenye grafu (uielekeze kwa mkono), na maana yake. Halafu nyamaza. Swali lake ndilo mlilokusanyikia.

Akija mtu wa pili katikati ya mazungumzo, mkaribishe kwa sentensi moja ya ulipofikia. Swali usilo na jibu lake liandike kwenye daftari pamoja na anwani ya aliyeuliza, na umjibu wiki hiyohiyo. Msimbo wa QR pembeni mwa bango uelekeze kwenye PDF au makala kamili. Ujaribu kwa simu mbili tofauti baada ya kuchapa, na uwe na upana wa walau sentimita 6.

Baada ya mkutano

Weka PDF kwenye hazina ya chuo au Zenodo, hazina ya tafiti ya mtandaoni, ambako ni bure na utapewa DOI (namba ya kudumu ya utambulisho wa kazi yako) ya kuandika kwenye wasifu wako. Kama una nia ya kuchapisha makala, hakikisha kwanza jarida halina pingamizi.

Kisha tengeneza bango la pili, dogo, la A2, kwa Kiswahili cha kawaida, kwa ajili ya watu waliokupa damu, muda au mashamba yao. Sentensi moja ya matokeo, picha moja, na jambo wanaloweza kulifanya. Mpe mtendaji wa kijiji nakala moja na zahanati nyingine. Omba dakika kumi kwenye mkutano mkuu wa kijiji, na uende na mhudumu wa zahanati atakayejibu maswali ya matibabu.